Sindano Isiyopanda

Mama Ngoie Kibwe alilileta alfajiri ya Juni,
mwezi ambao Lubumbashi huamka ikitoa mvuke mdomoni
na wauza mikate hukanyaga-kanyaga chini wapate miguu yao.
Pejo mia nne na nne, rangi ya chai ya maziwa,
la marehemu. "Linakunywa," alisema. "Linakunywa kama shemeji.
Na halipati joto."

Vijana wa gereji wakacheka.
Kwetu gari huugua kwa kuchemka:
rejeta inatapika barabara ya Likasi,
dereva anakimbia na kidumu kutafuta kijito.
Kasweka akaegemea boneti: "Gari lililopoa, mama,
hiyo ni afya. Mshukuru Mungu."

Nilifungua kifuniko cha oili.
Chini yake povu la kahawia, kama mtindi uliosahaulika.
Nikaogopa gasketi ya kichwa,
lakini maji ya rejeta yalikuwa safi, hayana hata jicho la mafuta.
Ulikuwa unyevu tu, uliokosa moto wa kuufukuza.
Plagi nne, zote masizi.
"Choki unaivuta mpaka wapi?"
"Mpaka sokoni," akasema, akiona haya kidogo.

Sindano ya geji ilikuwa imelala.
Sindano usiiamini upesi, wala usiitukane.
Nilichomoa waya wa sensa, nikaugusisha chuma:
ikaruka mpaka mwisho, mbwa aliyekanyagwa mkia.
Basi haikuwa inasema uongo.

Nikawasha, nikashika mpira wa juu.
Kwenye injini nzima mpira ule hubaki baridi kwanza,
mlango umefungwa, wa ndani wanaota moto wao,
kisha ghafla unakuchoma.
Huu ulikuwa vuguvugu dakika ya pili,
vuguvugu dakika ya saba,
vuguvugu Kasweka aliporudi na maandazi.

Boliti mbili. Moja haikuwa ya Pejo.
Gasketi ilikatwa katika katoni ya sabuni,
herufi mbili za buluu bado zinasomeka,
na ukingo wake umepinda upande ambao wembe hupinda
ukishikwa kwa mkono wa kushoto.

Ndani, patupu.

Nilitazama mkono wangu wa kushoto.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Fundi Mukalayi alisema
hiki kidude ni cha Ulaya, ng'oa, tupa,
huku jua linatosha.
Niling'oa. Nilitupa. Nilisifiwa.
Hakuna aliyetaja Juni.

"Mama," nikasema, "ni mimi."
Zilipita baiskeli tatu za makaa kabla hajajibu.
"Miaka kumi na minane," akasema,
"mume wangu aliendesha akitetemeka.
Alisema magari ya Wafaransa yana moyo baridi.
Nikamfumia sweta.
Nikamfumia la pili."

Termostati niliipata Kenya, kwa muuza vipuri
aliyeifunga ndani ya soksi ya mtoto.
Tuliijaribu kwenye sufuria ya bukari, kabla unga haujatiwa:
maji yakanung'unika, chenyewe kimefumba,
yakapanda, kimefumba,
halafu, yalipokaribia kuchemka, kikafumbua jicho.
Mpishi akatudai maji mengine.

Jioni tuliketi ndani, yeye na mimi, injini ikiunguruma.
Sindano ikapanda, ikafika katikati, ikasimama.
Nikafungua hita.
Ikatema vumbi, kisha harufu ya tumbaku,
kisha joto, miguuni.
Alivua kiatu kimoja.
Hakusema kitu, nami sikuuliza.

Pesa ya kazi sikuitaka. Ya kidude alilipa,
akaihesabu mara mbili, noti zote chakavu.
Akauliza kama sindano inaweza kurudi chini.
Nikamwambia ikirudi, alilete.